Si Kila Mtikisiko ni Pepo

Msomaji, nataka uje nami kwanza katika soko la Taveta, siku ya Jumatano au ya Jumamosi, wakati watu wamefika kutoka pande zote mbili za mpaka, na ndizi, nyanya na vitunguu vimejaa hata mahali pa kutia mguu ni haba. Tuseme kwamba katika umati ule amesimama kijana wa rika lako. Ghafla mkono wake wa kushoto waruka kana kwamba umevutwa kwa kamba. Hakuuinua yeye, umejiinua wenyewe. Waanguka, waruka tena, wampiga kifuani, wapindua chano cha muuza karanga. Kijana aukamata kwa mkono wa kulia ili autulize, lakini hautulii. Uso wake hauna ghadhabu wala mzaha, ila haya na hofu. Akili yake ni timamu. Ajua jina lake na jina la mama yake, na aona macho yote yanavyomtazama.

Kijana huyu nimemtunga mimi ili tupate kusemezana juu yake. Maneno yatakayosemwa na watu sikuyatunga, na wewe umekwisha kuyasikia mara nyingi. Mmoja atasema kijana ana pepo. Wa pili atasema amerogwa na jirani aliyegombana na baba yake juu ya maji ya mfereji. Wa tatu atasema alikanyaga kitu kibaya penye njia panda. Wa nne, ambaye hudhani ana akili kuliko wote, atasema kijana ajifanya tu, na kwamba fimbo mbili zitamponya. Watu hawa wanne hawapatani katika jambo lolote, lakini mwishowe watapatana katika hukumu moja: "Huu si ugonjwa wa hospitali."

Maneno hayo matano ndiyo ninayoyashtaki leo mbele yako. Nayashtaki kwa sababu hutamkwa na watu ambao hawajachungua lolote, na kwa sababu yakishatamkwa, uchunguzi hukoma. Siku hupita, kisha wiki, kisha miezi. Mbuzi huuzwa, na shamba hufuata. Mgonjwa hufukizwa, huchanjwa na hufungwa hirizi. Siku anapofikishwa kwa daktari, huwa hawezi tena kutembea au macho yake yamekwisha kupoteza nuru, na watu wale wale husema: "Mnaona? Tulisema hospitali haiwezi." Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba mtu aweza kuficha maradhi hata hadharani, kwa kuyapa jina lisilo lake.

Tuanze na mwili wenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.3, nao umekaa ndani ya fuvu kama johari ndani ya sanduku la chuma. Humo hutoka amri za kila mwendo: kushika kalamu, kupiga mpira, kufumba jicho. Nusu ya kulia ya ubongo hutawala upande wa kushoto wa mwili, na nusu ya kushoto hutawala upande wa kulia. Tena kila sehemu ina kazi yake. Pana mahali pa mkono, mahali pa uso, na mahali pa mguu. Chini zaidi, katika vilindi vya ubongo, zimo sehemu ndogo ambazo kazi yake ni kuzuia na kupima mwendo, mfano wa breki za lori. Moja katika hizo ina umbo la punje ya dengu, na ilielezwa na tabibu wa Kifaransa, Jules Bernard Luys, mwaka 1865. Punje hiyo ikidhuriwa upande mmoja, mkono na mguu wa upande wa pili huweza kurushwarushwa kwa nguvu, bila ya ridhaa ya mwenyewe. Madaktari huuita ugonjwa huo hemibalizimu. Ni ugonjwa adimu, na aghalabu mitupo hiyo hutulia mgonjwa anapolala usingizi.

Ni nini kiwezacho kuidhuru punje hiyo? Mara nyingi ni kiharusi, yaani mshipa wa damu kuziba au kupasuka. Mara nyingine ni sukari iliyozidi mno katika damu. Na mara chache ni uvimbe. Uvimbe wa ubongo ni chembe za mwili zilizoacha kutii kanuni ya kukua; zaongezeka pasipo haja na kusonga jirani zake. Tumboni uvimbe waweza kupata nafasi ya kutanuka, lakini ndani ya fuvu hapana nafasi. Kila unachojipatia uvimbe umekinyang'anya ubongo. Ukisonga mahali pa kuona, macho hufifia. Ukisonga mahali pa usemi, ulimi huwa mzito. Ukichokoza mahali pa mkono, mkono hutikisika. Basi mtikisiko ule ni habari iliyotumwa kutoka ndani, na anayeuita pepo ameirudisha barua bila kuifungua.

Huenda ukaniuliza kama jambo hili si maneno ya vitabuni tu. Nitakujibu kwa kisa kilichotokea London mwaka 1884, kabla ya kuwapo picha yoyote ya ndani ya mwili, kwa kuwa miale ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895. Mkulima mmoja kijana, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa akishikwa na mitikisiko ya uso upande wa kushoto. Baadaye ikaenea mkononi na mguuni, upande ule ule. Kisha mkono wake ukadhoofika, kichwa kikamuuma vikali, akawa anatapika, na macho yake yakaanza kufifia. Daktari wake, Alexander Hughes Bennett, hakuweza kuona ndani ya fuvu, lakini alijua mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwalimu wa matabibu, John Hughlings Jackson, alikuwa amefundisha kwa miaka mingi kwamba mtikisiko unaoanza mahali pamoja mwilini waonyesha mahali pamoja ubongoni. La pili ni kwamba David Ferrier alikuwa amepima ubongo wa wanyama na kuonyesha ni sehemu ipi inayotikisa kiungo kipi.

Bennett aliketi na kuhesabu: uso wa kushoto, mkono wa kushoto, mguu wa kushoto. Akahitimu kwamba uvimbe uko upande wa kulia, mahali panapotawala mkono. Tarehe 25 Novemba 1884 mpasuaji Rickman Godlee alifungua fuvu mahali pale palipotajwa, na uvimbe ulikuwapo. Aliutoa, na mitikisiko ile mikali ikakoma. Sitakuficha mwisho wa kisa: mgonjwa alifariki baada ya kama wiki nne kwa sababu ya uambukizo wa kidonda, maana elimu ya kuzuia vijidudu ilikuwa changa bado. Lakini hoja ilikuwa imethibitika kwa wakati wote. Mkono unaotikisika ulisema kweli, na mtu aliyesikiliza kwa makini alijua uvimbe ulipo.

Tazama sasa tofauti ya maswali. Watu wetu wa sokoni waliuliza, "Nani amemfanya hivi?" Bennett aliuliza, "Wapi?" Swali la "nani" humpeleka baba kwa jirani yake akiwa na panga. Huzaa uadui, huvunja ukoo, humfanya bibi kizee asiye na kosa aogope kulala nyumbani kwake. Swali la "wapi" halimdhuru mtu yeyote. Likijibiwa vibaya, laweza kuulizwa tena kesho. Lakini jirani aliyekatwa panga hawezi kurudishwa kesho.

Wala usidhani kwamba somo hili ni la Wazungu peke yao. Limo katika historia ya Taveta yenyewe. Bibi zetu walijua ugonjwa wa watoto uitwao degedege. Mtoto alipata homa, macho yakageuka, mikono na miguu ikakakamaa na kutikisika. Jina lenyewe lina sauti ya ndege, maana watu wengi waliamini kwamba ndege wa kishetani amepita juu ya nyumba na kumtia mtoto kivuli. Waliuliza ndege katumwa na nani. Leo twajua kwamba aghalabu mitikisiko ile huletwa na homa kali, na katika nchi zenye mbu huletwa mara nyingi na malaria iliyofika kichwani.

Mwaka 1954 ulianzishwa Mradi wa Malaria wa Pare na Taveta. Tangu 1955 hata 1959 kuta za nyumba za Taveta na za Upare zilipuliziwa dawa iitwayo dildrini. Wataalamu hawakumuuliza mtu kama ana adui. Waliuliza: mbu hupumzika wapi baada ya kuuma? Jibu lilikuwa ukutani, ndani ya nyumba. Mbu wa namna moja waenezao malaria walikaribia kutoweka kabisa, vijidudu vya malaria vikapungua sana katika damu ya watoto, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Dawa ile baadaye iliachwa kwa ajili ya sumu yake, na unyunyizaji ulipokwisha malaria ilirudi polepole. Sisemi kwamba kazi ilikuwa kamili. Nasema kwamba miaka ile, katika vijiji hivi hivi vya kando ya mto Lumi na ziwa Jipe, watoto waliokolewa na watu walioacha kumtafuta ndege wakamtafuta mbu. Je, yupo leo mzazi wa Taveta atakaye turudi kwa ndege?

Sasa nakutana na mpinzani wangu mwenye nguvu, nami sitamkwepa. Atasema: "Wewe wadharau mila. Wataita walikuwa na saka, nayo ilikuwa kweli." Naam, saka ilikuwa kweli. Katika vilima vya Taita, jirani zetu, wanawake walioolewa walikuwa wakishikwa na hali ambayo sehemu ya juu ya mwili hutetemeka na kichwa hutikisika huku na huku, macho yamefumba. Mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Grace Harris, aliishi kwa Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1957 alichapisha makala juu ya jambo hilo. Alieleza kwamba mwanamke aweza kushikwa kwa kusikia mlio wa gari au harufu ya sigara, na kwamba tiba yake ilikuwa ngoma maalumu, pamoja na kupewa kitu alichokitamani. Alionyesha pia kwamba saka ilifungamana na maisha ya wake ambao mali na fedha za nyumba hazikuwa mikononi mwao.

Siwacheki akina mama wale, wala wewe usiwacheke. Mwili waweza kutikiswa na huzuni kama unavyoweza kutikiswa na uvimbe, na huzuni nayo ni maradhi yanayostahili heshima na tiba. Lakini zingatia jambo hili: saka ilikuwa na wakati wake, na namna yake, na watu wake. Haikuwa jina la kila mtikisiko wa kila mtu. Anayemwona mvulana ambaye mkono mmoja tu waruka mchana kutwa, pasipo ngoma wala mlio wa gari, kisha akasema ni pepo yule yule, hakuitetea mila, bali ameivunja, maana ameacha kutazama. Ninayemshtaki mimi ni mvivu wa leo anayejificha nyuma ya kanzu ya mababu ili asitaabike kuchunguza.

Kisa kingine kitakuonyesha faida ya kutazama. Huko Mahenge, kusini mwa Tanzania, daktari mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwatibu watu wa kifafa waliokuwa wametengwa na kuogopwa. Watu waliamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza, kwa hiyo mgonjwa akiangukia motoni, wengi waliogopa kumgusa. Dawa ya bei rahisi, fenobabitoni, iliwapunguzia wengi mishituko yao. Katika kazi hiyo daktari huyo aliandika pia habari za watoto ambao vichwa vyao huinama na kuinuka tena na tena, na wenyeji walisema mtoto "amesinzia kichwa". Miaka mingi baadaye ugonjwa wa kutikisa kichwa ulienea pia kaskazini ya Uganda na Sudan Kusini. Huo si uvimbe. Lakini wachunguzi walipouliza watoto hawa huishi wapi, walikuta kwamba huishi karibu na mito ya maji ya kasi, penye inzi weusi wachukuao minyoo ya upofu wa mtoni. Nchini Uganda, inzi walipopigwa vita na watu kugawiwa dawa ya minyoo, wagonjwa wapya walipungua sana. Ni swali lile lile, na mavuno yake yale yale.

Wapo watakaoleta hoja nyingine, na kila hoja ina haki ya kujibiwa.

Wa kwanza husema: "Mimi ni mtu wa dini, naamini sala." Nami sina neno juu ya sala. Msikitini na kanisani mwombee mgonjwa, tena mwombee njiani akiwa anapelekwa hospitali. Hakuna dini niijuayo iliyoandika kwamba Mwenyezi Mungu humsikia aliyebaki nyumbani tu. Aliyeumba mmea wa dawa ndiye aliyeumba akili ya tabibu.

Wa pili husema: "Ubongo ukiguswa, mtu hufa." Maneno haya yalikuwa karibu na kweli mwaka 1884; leo siyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield huko London, daktari aweza kuuona uvimbe kabla ya kugusa kisu. Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979, naye aligawana na Allan Cormack, mwana wa Johannesburg, ambaye wazo lake lilianza alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Cape Town. Basi hata mashine ile ina jasho la bara letu. Wapo wavimbe wakali ambao elimu ya leo haijaweza kuwashinda, nami sitakuahidi uongo. Lakini upo uvimbe ambao hukua polepole, ambao ukitolewa mapema mgonjwa hurudi kazini kwake; na uvimbe huo huo ukicheleweshwa humpofusha au humuua. Ikiwa hatujui ni upi umo katika kichwa cha kijana wetu, kuna sababu gani ya kungoja?

Wa tatu husema: "Hospitali ni mbali, na fedha hazipo." Huyu hajisingizii, namsikiliza kwa huzuni. Kutoka Taveta hadi Voi ni kama kilomita 110, na kutoka Voi hadi Mombasa ni nyingine kama 150. Moshi, penye hospitali kubwa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, iko karibu zaidi, kama kilomita 40, lakini iko ng'ambo ya mpaka. Mpasuaji wa ubongo hapatikani katika kila mji. Lakini nimuulize huyu ndugu: mbuzi wa kwanza alikwenda kwa mganga, wa pili akafuata, na nauli ya kwenda kwa mganga mashuhuri wa mbali ilipatikana. Basi fedha zilikuwapo. Zilitangulia njia nyingine. Na pale ambapo kweli hazipo, lawama si ya baba maskini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya kadiri inavyowezekana. Haki iliyoandikwa haitembei kwa miguu yake kuja Taveta; hudaiwa. Lakini watu watadai vipi mashine na madaktari, ikiwa wao wenyewe wamekwisha kukubali kwamba huu si ugonjwa wa hospitali? Waovu wa bajeti hawana rafiki mwema kuliko pepo. Maadamu watu wamlaumu pepo, hapana atakayeulizwa kwa nini zahanati haina dawa.

Wala hospitali nayo isijione imetakata. Yuko muuguzi anayemkaripia mama kijijini kwa sababu ya hirizi iliyo shingoni mwa mtoto. Yuko daktari anayemwangalia msichana atikisikaye, akacheka, akaandika kwamba hana kitu ila deko. Huyo naye ameuliza swali baya; ametoa hukumu bila uchunguzi, sawasawa na mtu wetu wa nne pale sokoni. Mgonjwa akidhihakiwa mara moja hospitalini, ataapa kutorudi, na mlango wa mganga u wazi usiku na mchana. Elimu isiyo na adabu hufukuza watu kama moshi ufukuzavyo nyuki.

Mpaka hapa nimesema na wazee kupitia kwako. Sasa nasema nawe mwenyewe, mwanafunzi, maana katika nyumba nyingi wewe ndiwe usomaye barua na vyeti vya dawa, na siku moja neno lako litangojwa.

Siku utakapomwona mtu akitikisika, jambo la kwanza ni kumhifadhi. Akianguka, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Usimkandamize kwa nguvu. Mtikisiko ukipita dakika tano, au ukirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali upesi.

Jambo la pili ni kutazama, na kuandika. Mtikisiko ulianzia kidoleni, mdomoni au mguuni? Ni upande gani? Ulienea, au ulibaki pale pale? Ulidumu muda gani? Mgonjwa alikuwa na fahamu? Akilala, huacha? Je, kichwa humuuma zaidi alfajiri, hutapika pasipo kula kibaya, huona ukungu, hukosea hatua upande mmoja, amebadilika usemi au tabia? Kifafa kimemwanza ukubwani ilhali utotoni hakuwa nacho? Ukiwa na simu na mgonjwa akiridhia, mpige picha za video, umwonyeshe daktari yeye peke yake, usizitawanye kwa watu wacheke. Karatasi moja ya namna hiyo yaweza kumpa daktari msaada mkubwa kuliko masimulizi ya ukoo mzima.

Jambo la tatu ni kusema, kwa heshima. Usimwambie babu kwamba ni mjinga. Hatakusikia, nawe utakuwa umekosa adabu bure. Mwambie: "Babu, tumwombee, na tuliyozoea tusiyavunje, lakini kesho asubuhi tumpeleke akapimwe, tujue pahali panapouma." Usibishane naye juu ya nani. Omba siku moja ya kuuliza wapi. Wazee wengi hawakatai kuongezewa njia, hukataa kutukanwa.

Na yawezekana sana kwamba daktari, baada ya kupima, atasema si uvimbe. Kwa kweli mara nyingi haitakuwa uvimbe. Itakuwa kifafa ambacho dawa hukituliza, au sukari, au kiharusi, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika ubongoni, au huzuni iliyokosa mahali pa kutokea. Usione umeaibika. Utakuwa umejua jambo ambalo asubuhi ile hukulijua, na kila moja katika hayo lina tiba yake au nafuu yake. Mawili kati ya hayo, sukari na kiharusi, huua upesi kuliko uvimbe.

Turudi sokoni. Kijana wetu yungali amesimama, ameushika mkono wake, na muuza karanga anaokota karanga zake. Watu wanne wamekwisha kusema, na umati unaanza kumkubali mmoja wao. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyewe, ingawa ana akili zake na kinywa chake. Mkaribie. Mwokotee karanga muuza karanga kidogo, ili hasira yake ishuke. Kisha mwulize kijana, kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, ulianza lini, na ulianzia wapi?" Atakayeuliza hivyo atakuwa wa kwanza siku ile kumtendea kama mgonjwa. Ningependa awe wewe.